Je, Wajua? Ekzosi Huoza Kutoka Ndani

Kila lita ya petroli inayoungua kwenye injini huzaa takriban lita nzima ya maji. Gari likienda safari ndefu, ekzosi hupata moto na mvuke wote hutoka nje. Likiishia sokoni na kurudi, mvuke hugeuka matone, hutuama ndani ya sailensa, huchanganyika na tindikali za moshi na kuanza kula chuma. Ndiyo maana sailensa ya nyuma, iliyo baridi zaidi, aghalabu hutoboka mapema, hata kama kwa nje bado inapendeza.

Kichekesho kiko kwenye Land Rover za zamani. Tangu 1948 bodi yake ilikuwa ya aloi ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Bodi haishiki kutu nyekundu. Ekzosi ya chuma chini yake, pole yake!

Kwenye kuibadilisha, mabomba si kazi. Kazi ni nati zilizoganda kwenye manifoldi: zimwagie mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, la sivyo bolti itakukatikia mkononi. Funga nati za shaba na gasketi mpya, maana moshi unaovuja una kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na harufu.