Kufundisha Watoto Wadogo Herufi kwa Michezo

Leo twataka kuzungumza na wazazi, na walimu wa watoto ambao hawajaingia darasa la kwanza.

Wako watoto wengi wa miaka minne au mitano wawezao kuimba herufi zote tangu a mpaka z. Mzazi hufurahi, akadhani mwanawe amekwisha jua. Lakini mwandikie k peke yake mchangani, umwulize, "Hii nini?" Atakutazama tu, au ataanza wimbo wake tena mpaka aifikie. Mtoto huyo ameshika wimbo, hajashika herufi. Akienda shule katika hali hiyo, wenzake watasoma naye atanyamaza. Ataona haya, na mwenye kuona haya hukichukia kitabu.

Yafaa tujue kwa nini herufi humtatiza mtoto. Jembe ukiligeuza ni jembe vile vile. Kikombe, mkono wake ukielekea kulia au kushoto, ni kikombe tu. Ndivyo macho yake yalivyozoea. Herufi sivyo. Geuza b huwa d. Ipindue huwa p. Basi mtoto achanganyaye b na d si mjinga wala si mvivu, wala hastahili fimbo.

Hapo ndipo viungo vya mwili visaidiapo macho. Daktari Maria Montessori wa Italia alifungua nyumba ya kufundishia watoto wadogo mjini Roma mwaka 1907. Huko herufi zilikatwa kwa karatasi ya msasa, na watoto wakazifuata kwa vidole huku wakitaja sauti zake. Sisi tunao mchanga, nao haununuliwi. Na mchangani mtoto aweza kuifuata herufi kwa mwili wake wote.

Anza na irabu tano, a, e, i, o, u, kwa kuwa katika Kiswahili kila moja ina sauti yake isiyobadilika.

Mchezo wa kwanza ni kuitembea herufi. Ichore kubwa, urefu wake hatua nne. Mtoto aifuate kwa miguu, akianzia pale kalamu inapoanzia, huku akitamka sauti yake. Hivyo atajua inapoanza, inapopinda na inapokwisha.

Mchezo wa pili ni kuikimbilia. Chora herufi tatu mbali mbali. Taja sauti moja, naye aikimbilie herufi yake. Kila baada ya mara chache zifute, uzichore mahali pengine. Usipofanya hivyo, atakariri kwamba o ni ile iliyo karibu na mwembe, wala hataitazama tena.

Mchezo wa tatu ni wa amri, nao wafaa baada ya kujua konsonanti chache. Andika herufi kubwa kwenye vibao: r ni ruka, k ni kaa, s ni simama, l ni lala. Inua kibao kimoja bila kusema neno, nao watoto watende. Hapa mwalimu hafungui kinywa; herufi yenyewe ndiyo iamrishayo, na asiyeitazama hujulikana mara moja.

Angalieni neno hili, maana ndilo kubwa. Watoto wakikimbia na kuruka bila kuitazama herufi, wamepata mazoezi ya mwili tu. Mchezo wafundisha pale ambapo mtoto hawezi kujua la kufanya mpaka aisome herufi kwanza.

Tena, msifundishe b na d siku moja. Mtoto aizoee b kabisa kwanza, ndipo mlete d. Robo saa kwa siku yatosha, na mchezo ukome watoto wangali wanautaka, ili kesho waje wenyewe kuuomba.

Basi jioni ya leo fagieni uwanja, mchukue kijiti, mchore herufi moja tu. Wanaojua kukimbia wamekwisha kuwa tayari kuanza kusoma.