Kuvu ya miguu: usiache krimu mapema

Ndugu wanachama wa kooperative, mildiu kwenye viazi vya Masisi tunaijua wote. Kuvu kwenye mchele wa Walikale uliowekwa kabla haujakauka, hiyo pia tunaijua. Leo tunaongea juu ya kuvu ingine, ile inayokaa katikati ya vidole vya miguu ya mkulima mwenyewe. Wengi wanaichekea, wanasema ni mwasho tu. Lakini mtu ambaye vidole vimepasuka hawezi kuvaa bote, na bila bote palizi inasimama.

Inatoka wapi?

Kuvu inapenda fasi yenye joto, giza na maji. Bote ya kaucho inayovaliwa toka asubuhi mpaka jioni ndani ya matope inaipa vyote vitatu. Inaambukizwa pia nyumbani: bote moja ya watu watatu, soksi za kuazimana, taulo moja ya familia, sakafu ya pa kuogea. Pale ambapo familia zilizokimbia vita zimepokelewa na wanakaa wengi nyumba moja, inatembea haraka zaidi.

Inajulikana namna gani?

Mara nyingi inaanza katikati ya kidole kidogo na kile cha pembeni yake. Ngozi inakuwa nyeupe na laini kama imelowekwa, inabanduka, inawasha, inanuka, kisha inapasuka. Usiichanganye na funza, ambaye anaonekana kama doa jeusi ndani ya uvimbe mdogo.

Krimu gani?

Uliza kwenye kituo cha afya au farmasi, na utaje jina la dawa yenyewe, si rangi ya tubu:

- Klotrimazoli 1%: mara 2 kwa siku, kwa wiki 4.
- Mikonazoli 2%: vilevile mara 2 kwa siku, kwa wiki 4.
- Terbinafini 1%: mara 1 au 2 kwa siku. Kwa kuvu ya katikati ya vidole, wiki 1 inatosha mara nyingi.

Angalia tarehe ya mwisho kwenye tubu. Kama unaona tubu moja haitafika mwisho wa wiki 4, nunua mbili toka mwanzo. Mama mwenye mimba au mwenye mtoto mdogo anayeugua amwulize kwanza muuguzi.

Namna ya kupaka

1. Nawa miguu kwa maji na sabuni.
2. Kausha vizuri, kidole kwa kidole, na kitambaa chako peke yako.
3. Paka krimu kidogo, safu nyembamba, mpaka sentimita 2 nje ya fasi iliyougua. Kuweka nyingi hakuponyeshi haraka.
4. Nawa mikono.

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu kazi. Na klotrimazoli, mwasho unaweza kuisha baada ya siku chache, mtu anafurahi, anaweka tubu kando. Lakini kuvu bado iko ndani ya ngozi. Ni kama kukata majani mabaya na kuacha mizizi: mvua ikirudi, yanaota tena. Maliza siku zako zote, hata kama mguu unaonekana mzima.

Mambo ya kuepuka

Dawa ya mildiu si dawa ya miguu. Mankozebu na dawa zingine za shamba usipake hata kidogo kwenye ngozi. Maji ya betri na petroli yanaunguza.

Jihadhari pia na krimu za sokoni zenye betametazoni au klobetazoli, zile ambazo watu wanapaka ili ngozi iwe nyeupe. Zinatuliza mwasho, lakini zinapunguza nguvu ya ngozi ya kujilinda, na kuvu inaenea chini kwa chini.

Bote nazo zitibiwe

Krimu bila bote kavu ni kazi bure. Jioni mwaga maji, pangusa ndani, zigeuze juu ya vijiti zipate hewa usiku. Jua likitoka, anika. Soksi zifuliwe na kubadilishwa kila siku. Ukifika nyumbani, vaa kandambili ili vidole vipate hewa.

Usingoje nyumbani kama

- mguu umevimba, una joto, una usaha, au una homa: mikrobi zimeingia kupitia nyufa;
- una ugonjwa wa sukari, hata kama kidonda ni kidogo;
- kucha zimekuwa nene na za manjano, kwani mara nyingi krimu peke yake haifiki huko;
- wiki 4 zimepita na hakuna mabadiliko.

Kwa kooperative zenye bote za pamoja, tunashauri mambo mawili kwenye mkutano ujao: kila mfanyakazi awe na bote zenye alama yake, na watu wa nyumba moja wanaougua watibiwe kwa wakati mmoja. La sivyo mmoja anapona, mwingine anamrudishia.