Hoteli Zilizoishi kwa Foleni: Kwa Nini Milango Mingi ya Mpakani Imefungwa

Mkaazi wa muda mrefu wa Busia au Malaba hakosi hoteli moja anayoikumbuka. Huenda ilikuwa kibanda cha mabati kilichouza mbuta wa kukaanga kwa ugali wa mtama na muhogo, au baa ambapo madereva wa malori na utingo wao walikaa wakingoja stakabadhi. Baadhi ya hoteli hizo sasa ni maduka ya simu, na nyingine zimebaki na kufuli mlangoni.

Wengi huuliza: chakula kilikuwa kizuri, mbona zikafungwa? Jibu liko barabarani. Wateja wakubwa wa hoteli hizo walikuwa watu waliokwama kwenye foleni.

Zamani, lori lililotoka Mombasa kwenda Uganda lilisimama mara mbili: upande wa Kenya kwa taratibu za kutoka, kisha upande wa Uganda kwa taratibu za kuingia. Dereva angeweza kulala hapa siku kadhaa, naye alihitaji chai, chakula, maji ya kuoga na kitanda.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. Kwanza, tangu 2014, mfumo wa Himaya Moja ya Forodha umewezesha ushuru wa mizigo mingi kulipwa kabla haijaondoka Mombasa. Pili ni kituo cha pamoja cha mpakani, ambacho kwa upande wa Busia kilizinduliwa na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mnamo Februari 2018. Chini ya utaratibu huu, msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Lori linaloelekea Kampala hupita upande wetu na kukaguliwa ng'ambo. Nafuu kwa mwenye mizigo ikawa hasara kwa mwenye jiko.

Kisha ikaja korona. Foleni ndefu zilirudi 2020 madereva wakisubiri kupimwa, lakini safari hii mteja aliogopwa. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020 na kuondolewa 20 Oktoba 2021. Juni 2021, Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti 13 ambazo kafyu yake ilianza saa moja jioni. Baa inayotegemea usiku haikuwa na pa kushika.

Mpaka umezoea kubadilisha riziki. Hata jina boda boda lilizaliwa hapa, kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Hoteli zinazoendelea vizuri leo ni zile zinazowapikia wenyeji: wachuuzi, wahudumu wa boda boda, wafanyakazi wa afisi na familia za Jumapili.

Kwa mwenye hoteli au baa anayelazimika kufunga, kuna mambo ya kukumbuka:

• Arifu afisi ya kaunti inayotoa vibali vya biashara, kwa maandishi, na uhifadhi nakala. Kwa baa, arifu pia afisi ya leseni za pombe.

• Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mfanyakazi anayeachishwa kwa sababu kazi imekwisha apewe notisi ya angalau mwezi mmoja, na afisa wa leba ajulishwe. Mfanyakazi hulipwa siku za likizo anazodai, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Mpe pia cheti cha utumishi. Mpishi atakihitaji akitafuta jiko jingine.

• Kufunga mlango hakufuti wajibu wa kodi. Ripoti ya mapato ya kila mwaka huwasilishwa KRA kabla ya Juni 30 kuisha, hata kama hakuna mapato.

Hoteli inaweza kuondoka bila kumwacha mpishi wake mikono mitupu. Na mkaazi ambaye hoteli anayoipenda bado iko wazi asingoje ifungwe ndipo aisifu. Apite leo mchana, ale, alipe.