Springi za Nyuma za Motokaa: Jinsi ya Kuzichagua na Kuzifunga

Barabara kuu za kutoka Dodoma kwenda Iringa na Babati zina lami, lakini ukiziacha na kuelekea vijijini, mara utakutana na mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua za Desemba hadi Aprili. Katika njia hizo springi za nyuma ndizo huteseka sana, kwa maana ndizo zinazobeba mzigo. Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi, kubadili springi za Land Cruiser ya mzee mmoja, inayobeba mahindi, na pengine wagonjwa usiku. Yafaa niwaeleze wenzangu niliyojifunza, kwani ni elimu ileile ya darasani.

Springi za gari hilo ni mabapa ya chuma cha pua yaliyopinda kidogo, refu juu na fupi chini. Mwingereza Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba springi hunyumbuka kwa kadiri ya nguvu inayoivuta au kuikandamiza. Kwa mfano, ikiwa kilo 100 huibonyeza sentimita 1, kilo 300 zitaibonyeza sentimita 3. Lakini chuma kikilemewa kupita kiasi, au kikichoka kwa miaka mingi, hakirudi tena mahali pake. Ndipo utaona gari tupu limeinama nyuma kama fisi.

Kwanza, pima. Liweke gari tupu mahali tambarare, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Kisha angalia kama kuna bapa lililopasuka.

Pili, chagua. Mzee yule alitaka springi ngumu kuliko zote. Mjomba akamwuliza, "Mzee wangu, siku nyingi unabeba magunia mangapi?" Akajibu, "Matatu, ila wakati wa mavuno hufika saba." Gunia moja ni kama kilo 100. Springi ya kubeba kilo 700 kila siku hainyumbuki vema gari likiwa tupu. Magurudumu hurukaruka na kukosa kushika njia, na mama mjamzito anayepelekwa hospitali ataumizwa na kila shimo. Springi laini mno nayo huacha ekseli igonge chesisi. Basi mjomba akachagua springi za kadiri, zenye bapa nene chini ambalo huanza kufanya kazi mzigo ukizidi. Akamwonya pia kwamba springi mpya haziongezi uzito ulioruhusiwa na kiwanda, kwa sababu breki, ekseli na tairi ni zilezile.

Tatu, funga. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo. Inua nyuma kwa jeki, kisha egemeza chesisi juu ya stendi imara. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Shikilia ekseli kwa jeki ya pili, isije ikaning'inia kwenye mpira wa breki. Fungua boliti zenye umbo la herufi U, kisha zile za ncha mbili za springi. Uwekapo mpya, kichwa cha boliti ya katikati kiingie barabara katika tundu lake juu ya ekseli, la sivyo gurudumu litakaa upande. Badili springi zote mbili pamoja, na boliti za U ziwe mpya, kwa sababu za zamani zimekwisha kuvutika.

Boliti za ncha zisikazwe kabisa gari likiwa bado juu. Lishushe kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Vinginevyo bushi za mpira hujisokota na kupasuka upesi. Baada ya kilomita 500 hivi, kaza tena boliti za U.

Wazazi wenye motokaa, msimwambie fundi, "Niwekee ngumu." Mwambieni mzigo wenu wa kila siku, naye akipenda apige hesabu. Hata mwanafunzi wa sekondari aweza kumsaidia.