Je, Wajua? Pesa ya Simu Haisafiri Hewani
Kinachosafiri ni agizo tu. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, agizo hilo lilibebwa na ujumbe mfupi uliofichwa kwa msimbo, kupitia menyu iliyomo ndani ya laini. Ndiyo maana hata simu ya mulika mwizi, isiyo na intaneti, ilitosha. Salio lenyewe hubadilishwa kwenye seva, na seva hizo zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Fikiria hilo: malipo ya fungu la sukumawiki katika soko la Gikomba yalipitia Ulaya kwanza!

Sasa, mtandao ukikatika katikati? Ukikatika kabla agizo halijafika, hakuna shilingi iliyotoka. Ukikatika baada ya seva kulipokea, pesa imeshahama, na kilichokwama njiani ni jibu peke yake. Simu yako haiwezi kutofautisha hali hizi mbili. Kwake zote ni kimya. Ndipo mteja mwenye haraka, foleni ikiwa nyuma yake, anapobonyeza tena na huenda akalipa mara mbili. Angalia salio kwanza, hasa unapomlipa mtu usiyemjua.