GANZI YA MKONO: UPASUAJI UNAGHARIMU NINI NA UJIPANGE VIPI



Wapo akina mama wengi hapa Kihurio ambao huamka saa nane za usiku, si kwa ajili ya tahajudi, bali kwa sababu mkono unawaka moto. Vidole vina ganzi na vinachomachoma kama vimekanyagwa na siafu. Mama hukaa kitandani akaukung'uta mkono mpaka utulie, kisha hulala tena. Asubuhi akishika kikombe kinamponyoka. Akiuliza, huyu atamwambia ni baridi yabisi, yule atasema ni dalili ya kupooza, na mwingine atataja mambo ya kurogwa. Fedha hutoka kidogo kidogo kwa dawa za kupaka na za kunywa, na mkono unabaki vile vile.

Maradhi haya yana jina. Hospitalini huitwa kapali taneli, yaani kubanwa kwa mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono. Yakifika mbali hutibiwa kwa upasuaji. Wiki hii tuangalie upasuaji huo ni nini, gharama zake zinatoka wapi, na familia ijipange vipi kabla mkono haujaharibika.

Mshipa unabanwa vipi?

Kwenye kifundo cha mkono upo mfereji mwembamba. Chini na pembeni umezungukwa na mifupa, na juu umefunikwa na ukanda mgumu. Ndani yake zinapita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba nafasi hupungua, na mshipa ndio unaoumia. Mshipa huo unahudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kwa hiyo kidole cha mwisho kwa kawaida hubaki salama. Hiyo ni alama nzuri ya kuyatambua maradhi haya.

Huwapata zaidi wanawake, wajawazito, wenye kisukari, wenye upungufu wa homoni za tezi ya shingo, wenye baridi yabisi ya viungo na wanene. Kazi za kukaza mkono kwa nguvu na kurudiarudia huongeza hatari, na sisi wa majaruba ya mpunga tunazijua: jembe, mundu, kupalilia na kutwanga.

Jipime nyumbani. Gusanisha migongo ya viganja vyako viwili mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, ukae hivyo kwa dakika 1. Ganzi ikija kwenye vidole tulivyovitaja, nenda kituo cha afya. Jipime haitoshi peke yake, kwani kisukari huleta ganzi, na ukoma pia. Ukiwa na baka la ngozi lisilohisi mguso, usingoje. Dawa za ukoma hutolewa bure.

Si kila mtu anahitaji kisu

Ndugu msomaji, gharama ya kwanza ya kuepuka ni ya upasuaji usiohitajika. Ganzi ya mjamzito mara nyingi huondoka yenyewe baada ya kujifungua. Kwa wengine, maradhi yakiwa machanga, huanza kwa banzi. Hiki ni kifaa kinachoushika mkono ukae umenyooka usiku, na huvaliwa kwa takriban wiki 6. Watengenezaji wa vifaa vya namna hii wanafundishwa hapa hapa Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichopo KCMC tangu 1981. Hatua nyingine ni sindano ya steroidi kwenye kifundo, ambayo huleta nafuu ya wiki au miezi. Mwenye kisukari amwambie daktari kabla ya sindano hiyo, maana hupandisha sukari.

Upasuaji unahitajika pale ganzi inapokuwa ya mchana na usiku, vitu vinapoponyoka mkononi, au nyama ya chini ya kidole gumba inapoanza kunywea. Hapo kuchelewa ndiko kunakogharimu zaidi kuliko yote. Mshipa uliobanwa muda mrefu unaweza usirudi hata ukipasuliwa na daktari bingwa. Fedha utalipa, na mkono utabaki dhaifu.

Kazi yenyewe ni fupi. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi mkononi, daktari hupasua sehemu ndogo ya kiganja na kuukata ule ukanda unaobana. Huchukua kama dakika 15 hadi 30, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Maumivu ya usiku huondoka mapema, lakini ganzi na nguvu za kushika huweza kuchukua miezi. Kama upasuaji wowote, kidonda kinaweza kuota usaha, kovu likauma, na mara chache mshipa wenyewe ukaumia.

Gharama ziko mafungu matatu

Watu wengi huuliza swali moja tu: "Upasuaji ni shilingi ngapi?" Jibu la swali hilo ni fungu moja tu kati ya matatu.

Fungu la kwanza ni la hospitali: kumuona daktari, vipimo, chumba cha upasuaji, dawa na kufunga kidonda. Bei hutofautiana kati ya hospitali ya serikali, ya dini na ya binafsi. Kabla ya kukubali tarehe, uliza kwenye dirisha la malipo: je, bei hii imejumuisha dawa na bandeji? Natakiwa kulipa kiasi gani kabla? Kipimo cha umeme wa mishipa ya fahamu ni lazima kwangu, au daktari ameridhika kwa kunipima kwa mkono? Naweza kurudi nyumbani siku hiyo? Jibu liandike kwenye karatasi.

Fungu la pili ni la safari. Kutoka Kihurio unapita Ndungu, Maore na Kisiwani hadi Same, kisha unashika barabara kuu kwenda Moshi. Huko ndiko iliko Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi na KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa 1971. Chukua safari 4: kuonwa, kupasuliwa, kutolewa nyuzi na kuangaliwa tena. Mgonjwa na msindikizaji ni watu 2, kwenda na kurudi. Hizo ni nauli 16 za Kihurio hadi Moshi, bado chakula na malazi. Sasa muombe daktari akuandikie barua ili nyuzi zitolewe kituo cha afya cha karibu nawe, baada ya siku 10 hadi 14. Umeokoa nauli 4. Safari ya mwisho nenda peke yako, umeokoa 2. Zimebaki 10. Aidha, anzia hospitali ya karibu, kama ile ya Kilutheri ya Gonja au ya Wilaya ya Same, uulize kama huduma ipo au upewe rufaa.

Fungu la tatu hulisahau karibu kila mtu, nalo ndilo kubwa kwa mkulima: siku za kazi. Kazi nyepesi huweza kurudiwa baada ya wiki 2 au zaidi kidogo, lakini jembe na mizigo hungoja wiki 6 hadi 12. Kwa wiki 6, ukihesabu siku 6 kila wiki, ni vibarua 36. Zidisha kwa ujira wa kibarua kijijini kwako uone. Ndiyo maana daktari akisema mkono unaweza kusubiri kidogo, chagua kipindi cha baada ya mavuno, wakati ghalani mna mpunga na shamba halikuiti. Lakini akisema usichelewe, msimu usiwe kisingizio. Kama mikono yote miwili inaumwa, pasua mmoja kwanza, ule ulio mbaya zaidi, ili ubaki na mmoja wa kujihudumia.

Fedha zitoke wapi?

Bima hukatwa kabla ya kuugua. Mtumishi wa umma ana Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi 2001, na tegemezi wake waliosajiliwa wanaweza kunufaika. Kwa sisi wengine, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Muulize mtendaji wa kijiji au mganga wa zahanati utaratibu wa kujiandikisha, huduma za upasuaji zilizomo, na kama kadi haifanyi kazi bila barua ya rufaa. Kuruka ngazi kunaweza kukufanya ulipe mwenyewe.

Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, na maskini anayetambuliwa, waende na barua ya mtendaji kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuomba msamaha wa gharama. Waende kabla ya siku ya upasuaji, si baada ya bili kutoka. Wengine waweke kila mavuno gunia moja la mkono huu, au walifikishe jambo kwenye kikundi chao na kamati ya msikiti. Usikimbilie mkopo wa riba kwa jambo ambalo miezi mitatu ya maandalizi ingelimaliza.

Usafi na udhu baada ya upasuaji

Kidonda kikiota usaha, bajeti yote huvurugika. Bandeji ibaki kavu mpaka nyuzi zitoke. Wakati wa kuoga funika mkono kwa mfuko wa nailoni. Usipake majivu, majani wala mafuta. Uinue mkono juu ya mto, na vidole uvikunje na kuvikunjua tangu siku ya kwanza. Ukiona uvimbe unaozidi, joto, usaha au homa, rudi kituoni siku hiyo hiyo.

Katika udhu, viungo vizima huoshwa, na juu ya bandeji hupakazwa maji kidogo kwa mkono bila kuilowesha. Kama hata hilo lina madhara, ipo tayamamu. Muulize sheikh wako kwa hali yako. Aliyepasuliwa mkono wa kulia ana udhuru wa kula kwa kushoto. Aliyepasuliwa wa kushoto apange mapema na mwenza wake jinsi ya kustanji kwa usafi bila kulowesha kidonda. Mazungumzo hayo hayagharimu kitu.

Ndugu msomaji, leo usiku mkono ukikuamsha, usiukung'ute tu ukalala. Asubuhi chukua karatasi, chora mafungu matatu, kisha nenda zahanati ukapimwe. Tukutane toleo lijalo, inshaallah.