Zanzibar kwa miguu: njia fupi kutoka bandarini hadi nyumba ya Tippu Tip

Meli ya watalii ikifika Zanzibar, abiria wanapata saa chache tu za kushuka. Wengi wanapandishwa gari kwenda kwenye mashamba ya viungo, kuonyeshwa karafuu, iliki na mdalasini. Ni matembezi mazuri. Lakini mtu anayetoka Kindu, Kasongo ao Kisangani angefaidi zaidi kubaki mjini na kutembea kwa miguu, sababu ndani ya Mji Mkongwe kuna sehemu kubwa ya historia ya kwao.

Bandari iko Malindi, mlangoni kabisa mwa mji. Anayetoka getini anafuata barabara ya Mizingani, bahari ikiwa upande wa kuume. Anapita zahanati ya zamani yenye roshani za mbao, kisha majumba ya masultani. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka wa 1883, lilibomoka sehemu moja Desemba 2020. Karibu yake iko Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman.

Kutoka hapo ni kuingia vichochoroni. Njia ni nyembamba, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na mbele ya nyumba kuna baraza za mawe ambapo wazee wanakaa kuzungumza. Mgeni anapotea, ni kawaida. Akiendelea kutembea atatokea baharini ao kwenye soko la Darajani.

Si mbali na Darajani, mtaa wa Mkunazini, kuna kanisa kubwa la Waanglikana. Hapo ndipo lilikuwa soko la watumwa hadi Juni 1873, wakati Sultan Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga kwa shinikizo la Waingereza. Inasimuliwa kwamba altare imewekwa mahali pa mti ambapo watumwa walifungwa na kuchapwa. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs kutoka Uswidi. Watalii wanateremshwa pia katika vyumba vya chini, vyenye giza na dari fupi, wakiambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo. Kuna wanahistoria wanaobisha jambo hilo, wakisema nyumba ya juu yake ilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Hata hivyo, kuhusu soko lenyewe hakuna ubishi.

Na hapa ndipo Maniema inaingia. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, siku ya soko. Watu wa wafanyabiashara wa pwani walifyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua. Wengi walikufa maji wakijaribu kukimbilia mtoni. Habari alizoandika zilifika Uingereza mwaka uliofuata, zikaongeza hasira dhidi ya biashara hiyo. Kwa hiyo damu ya wanawake wa soko la Nyangwe ni moja ya sababu zilizofanya soko la Mkunazini lifungwe. Anayesimama mbele ya lile shimo akijua jambo hilo haoni sanamu tu.

Kutoka Mkunazini hadi Shangani, upande wa bahari, ni mwendo mfupi. Huko kuna nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye Kongo nzima inamjua kwa jina la Tippu Tip. Alitawala biashara ya pembe za ndovu na watumwa kuanzia Kasongo hadi maporomoko ya Kisangani, akarudi kisiwani, akasimulia maisha yake kwa maandishi ya Kiswahili, akafariki hapo mwaka wa 1905. Mlango wake mkubwa wa mbao umechongwa kwa ufundi wa hali ya juu. Ni mlango mzuri, hilo halikatiki. Ila mali iliyoulipia ilibebwa kwa mabega ya watu, safari ya miezi mingi, kutoka ndani kabisa ya inchi yetu.

Misafara hiyohiyo ndiyo ilieneza lugha. Watu wa pwani waliojiita waungwana walipofika Maniema, Kiswahili chao kikapewa jina la Kingwana. Ndiyo maana mama wa Kindu anaweza kuuliza bei ya ndizi Darajani bila mkalimani. Akisema mtoto wake « anakuya », muuzaji atacheka kidogo, maana yeye angesema « anakuja ». Lakini watasikilizana.

Jioni, kwenye bustani ya Forodhani, wauzaji wanapanga meza zao: mishkaki, samaki, juisi ya miwa. Wakati moshi unaanza kupanda, abiria wengine tayari wanaitwa kurudi melini. Februari 1887, meli nyingine iliondoka katika maji hayo, jina lake Madura. Ndani alikuwamo Henry Morton Stanley pamoja na Tippu Tip, aliyekuwa amekubali hapo Zanzibar kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa jina la mfalme Léopold II. Walizunguka kusini mwa Afrika, na mwezi wa Machi wakashuka Banana, kwenye mdomo wa mto Kongo.